Hukusajili, au Mfumo Umemeza Jina Lako?

Kila mwanzo wa muhula hapa chuoni kuna foleni mbili. Ya kwanza ni ya kafeteria, hiyo tumeshaizoea. Ya pili ni ya wale wanaosimama nje ya ofisi ya usajili, simu mkononi, kila mmoja ana skrinshoti anayotaka kumwonyesha afisa. Ukipita karibu utayasikia mazungumzo yale yale:

"Mfumo unaonyesha hukusajili."

"Lakini nilisajili."

"Mfumo ndivyo unavyoonyesha."

Hapo mjadala umekwisha. Mwanafunzi analipa faini ya kuchelewa, au anaandika barua ya kuomba msamaha kwa kosa ambalo hana uhakika kama alilifanya, au anakaa mpaka wiki ya mitihani ndipo agundue kwamba hayumo kwenye orodha ya somo.

Nasoma kompyuta, niko mwaka wa tatu. Nataka kusema jambo ambalo sisi wa kompyuta huwa hatupendi kulisema mbele za watu: kwenye foleni ile wapo wengi tu ambao wako sahihi, na kinachodanganya ni mfumo. Nalijua hili kwa sababu mimi mwenyewe nimewahi kuandika ukurasa uliodanganya watu, na watu wakakosa hela ya kula.

Mwaka jana muungano wetu ulianzisha kimfuko cha kusaidiana kwa wenzetu waliokosa mkopo au ambao boom lao lilichelewa. Hela yenyewe haikuwa nyingi: nauli kidogo na chakula cha mwezi mmoja. Mimi nikaombwa kuandika ukurasa wa kupokea maombi. Kazi ya wikiendi moja. Fomu ina jina, namba ya usajili, kitivo na sababu. Ukibonyeza "Tuma", skripti ya PHP iliyoko kwenye seva inachukua maneno yako, inayapeleka kwenye hifadhidata, kisha inakuandikia: "Ombi lako limepokelewa. Asante."

Ijumaa usiku, nikimwonyesha jamaa yangu wa chumbani, likatokea onyo juu kabisa ya ukurasa. Kisanduku kimoja hakikuwa kimejazwa, na PHP ikawa inalalamika kwa Kiingereza kwamba imetafuta kitu haikukiona. Onyo dogo tu. Lakini lilikaa vibaya, limeziba nembo ya muungano, na jamaa akacheka. Nikafanya wanachofanya wengi: nikaweka alama ya @ mbele ya ule mstari. Katika PHP, @ maana yake ni "hata ukikosea, nyamaza". Onyo likapotea. Nikanogewa. Nikapachika @ nyingine kila mahali nilipoona panaweza kupiga kelele, ukiwemo mstari wenyewe unaoliandika ombi kwenye hifadhidata. Nikalala usingizi mzuri.

Siku 11 baadaye kamati ikafunga maombi na kupitisha majina 143. Wiki iliyofuata akaja dada mmoja wa mwaka wa pili, ametokea Shinyanga. Jina lake halimo. Akasema alijaza fomu mara mbili, na mara zote mbili aliambiwa limepokelewa. Mwenyekiti wa kamati akanigeukia mimi, mtaalamu. Na mimi mtaalamu, bila hata kufungua kompyuta, nikamwambia: "Labda bando lilikata kabla halijafika."

Akanitazama. "Kaka, kama bando lilikata, hilo neno 'limepokelewa' nililisoma wapi?"

Sikuwa na jibu, lakini sikumwamini pia. Nilijaribu fomu kwa jina langu, ikafanya kazi. Nikamwambia mwenyekiti mfumo hauna tatizo. Yaani nilifanya kama yule afisa wa usajili ninayemlaumu leo. Yule dada akaishi wiki tatu kwa kula na wenzake wa chumbani, na sote tunajua mtu anavyojisikia akidoea wiki tatu.

Kilichonizindua ni jina lake. Linaanza na Ng'w, kama majina mengi ya Wasukuma. Ile alama katikati, tuliyofundishwa shuleni kuwa inaitwa ritifaa, kwenye lugha ya SQL ndiyo inayofungua na kufunga maneno. Mimi nilikuwa nimechukua jina la mtu na kulibandika moja kwa moja ndani ya amri ya SQL. Kwa hiyo jina la Juma linaingia vizuri: alama inafungua, Juma, alama inafunga. Jina la Ng'wa-na-kitu linapoingia, hifadhidata inaona neno limefungwa baada ya "Ng", halafu inakutana na takataka isiyoielewa. Inakataa amri nzima. Maktaba ya PHP niliyoitumia, yaani mysqli, katika matoleo ya kabla ya 8.1 ilikuwa inakataliwa namna hiyo na kurudisha tu jibu la "hapana" kimyakimya, bila kelele, mpaka uiulize. Mimi sikuiuliza. Mstari uliofuata ukaandika: "Ombi lako limepokelewa. Asante."

Mwanzoni nilikuwa nimelikataa wazo hilo la jina, maana kwenye orodha alikuwamo kijana mwingine mwenye Ng'. Nikasema basi si jina. Kumbe yule alijaza kwa iPhone, na simu yake ilibadilisha alama ile ikawa ya kupinda, ambayo kwa hifadhidata ni herufi nyingine kabisa isiyo na madhara. Mmoja kaingia kwa sababu ya aina ya simu, mwingine kaachwa kwa sababu ya aina ya simu. Na lile shimo lililomwangusha huyu dada, mtu mwenye nia mbaya angeweza kulitumia kuichezea orodha. Hilo ni somo la siku nyingine, ila walio darasani kwetu wanalijua: usibandike maneno ya mtu ndani ya amri, tumia amri zilizoandaliwa mapema ambazo hubeba data pembeni.

Sasa njoo sehemu inayoniuma. Nilitaka kujua ni nani wengine walioachwa. Nikaenda kwenye logi ya seva, lile faili ambalo seva huandika kila ukurasa ulioombwa. Nikahesabu mara ambazo fomu ilitumwa: 149. Walioingia 143. Tofauti ni 6. Mbili ni za yule dada. Zile 4? Logi ina saa, ina anwani ya mtandao, ina namba 200 inayomaanisha "mambo safi". Majina haina. Na kwa kuwa skripti yangu ilikuwa imeambiwa inyamaze, hakuna mahali popote ilipoandika ni ombi la nani lililokataliwa na kwa nini. Tulibandika tangazo kwenye mbao za matangazo za mabweni na tukarusha kwenye magrupu ya WhatsApp. Wakajitokeza wawili, kila mmoja alikuwa ametuma mara moja. Wawili waliobaki hawajulikani mpaka leo. Labda walidhani kamati imewanyima, wakaona aibu kuuliza.

Ndiyo maana nikisikia "mfumo ndivyo unavyoonyesha" damu inanichemka.

Nieleze kidogo mambo ya ndani, maana hata wasiosoma kompyuta yanawahusu. Ukurasa unaoandaliwa na skripti kwenye seva unaweza kukosea kwa sababu nyingi: hifadhidata imezimika, diski imejaa, mtu ameleta jina lenye alama isiyotarajiwa, mwandishi amekosea kuhesabu. Makosa hayaepukiki. Swali ni likitokea, nani anaambiwa nini. Na hapa kwetu nimeona njia mbili mbaya zinazotumika kama vile hakuna ya tatu.

Njia ya kwanza ni kumwaga kila kitu kwenye skrini. Mnaikumbuka ile siku mfumo mmoja wa huku ulipofunguka na aya nzima ya Kiingereza: njia ya faili kwenye seva, jina la jedwali, jina la mtumiaji wa hifadhidata, namba ya mstari. Skrinshoti ikazunguka, watu wakaweka vikatuni vya kucheka. Mimi sikucheka sana. Ile ni ramani ya nyumba umempa mwizi. Mwongozo wa PHP wenyewe unaonya kwamba kosa la kushindwa kuunganishwa na hifadhidata kupitia PDO, lisipodakwa, linaweza kuanika hata jina la mtumiaji na nenosiri lake. Na PHP inapokuja inaleta mafaili mawili ya mfano ya mipangilio, moja la wanaotengeneza na jingine la kazi halisi. Hilo la kazi halisi limeweka display_errors iwe Off na log_errors iwe On. Maana yake: usimwonyeshe mgeni, andika kwenye daftari. Mtu akisahau kuweka faili lolote kati ya hayo, PHP kwa hali yake ya kawaida huonyesha. Kwa hiyo mara nyingi tunachoona kwenye skrini si ujasusi wala nini, ni mtu aliyesahau kugeuza swichi moja.

Njia ya pili ni ile yangu, ya kimya. Ina sura nyingi. Kuna @. Kuna kudaka kosa halafu ndani ya mabano unaacha patupu, kama mlinzi anayekamata mwizi, anamsalimia, anamwachia. Mwalimu wetu mmoja aliyeanza kazi zama za ASP anatusimulia amri ya VBScript iliyoitwa On Error Resume Next, yaani kosa likitokea, ruka nenda mstari unaofuata. Anasema aliwahi kurithi mfumo ambao kila ukurasa ulianza na mstari huo, na hakuna aliyejua ni nini hasa kinafanya kazi. Halafu kuna ukurasa mweupe. Unabonyeza "Sajili", skrini inakuwa nyeupe kama karatasi, basi. Hujui kama usajili umeingia, haujaingia, au umeingia nusu.

Hiyo nusu ndiyo mbaya kuliko zote. Kusajili somo kwa kawaida si tendo moja. Kuna kuandika jina kwenye orodha ya somo, kuna kupunguza nafasi zilizobaki, pengine kuna kutengeneza namba ya malipo. Skripti ikifia katikati, unaweza kuwa na namba ya malipo bila somo, au somo bila namba ya malipo. Hifadhidata zina dawa ya hili tangu zamani: unafunga matendo yote kwenye muamala mmoja, likishindwa moja yanarudi yote. Asiyefanya hivyo anatengeneza mwanafunzi aliyesajiliwa kwa ofisi ya fedha na asiyesajiliwa kwa idara. Halafu huyo mwanafunzi ndiye anatumwa kukimbia kati ya majengo mawili kutafuta nani amwamini. Na akiamua kubonyeza tena kwa sababu hakuelewa? Kama mwandishi hakujiandaa, ana namba mbili za malipo. Anaulizwa kwa nini alibonyeza mara mbili.

Njia sahihi ipo na haina uchawi. Nilipoandika upya ukurasa wa mfuko niliifuata, ilinichukua jioni moja zaidi. Niliondoa @ zote. Nikaweka mahali pamoja pa kudaka kila kosa ambalo halikudakwa kwingine. PHP ina set_exception_handler kwa kazi hiyo. Kosa likifika pale, yanafanyika mambo manne. Linaandikwa kwenye logi, pamoja na saa, ukurasa, namba ya usajili ya aliyekuwa anatuma na maelezo yote ya kiufundi. Nenosiri la mtu haliandikwi humo, na faili lenyewe haliwekwi mahali ambapo kivinjari kinaweza kulifungua. Pili, inatengenezwa namba fupi ya kumbukumbu, herufi na tarakimu nane. Tatu, seva inajibu kwa namba 500 badala ya 200. Nne, mwanafunzi anaona maneno ya Kiswahili cha kawaida: "Ombi lako HALIJAPOKELEWA. Tatizo liko upande wetu. Usijaze tena sasa hivi. Andika namba hii, uilete ofisi ya muungano." Na barua pepe inakuja kwangu dakika ile ile.

Hiyo 500 nisiipite hivi hivi. Watu wa mtandao walishakubaliana zamani jinsi ya kugawa lawama. Seva ikijibu namba inayoanza na 2, kazi imekwenda. Ikianza na 4, kasoro inaonekana iko upande wa aliyeomba: amekosea anwani, hana ruhusa, amejaza vibaya. Ikianza na 5, seva inakiri kwamba yeye ndiye aliyeshindwa. Yaani mashine imejengewa uwezo wa kusema "samahani, ni mimi". Sisi ndio tunaoifundisha kusema uongo, tunaiandikia 200 juu ya kila kitu, halafu logi ikija kusomwa inaonekana hakuna kilichowahi kuharibika.

Mtu ataniambia nakuza mambo, ni fomu tu hizi. Basi naomba aangalie yaliyotokea Uingereza. Shirika la posta la kule, Post Office, kuanzia mwaka 1999 lilipeleka kwenye matawi yake mfumo wa mahesabu uitwao Horizon, kazi ya kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa matawi, wengi wao watu wenye kaduka mtaani na dirisha la posta pembeni, wakaanza kuona upungufu wa fedha ambao hawakuuelewa. Wakipiga simu kuuliza, wengi wakaambiwa ni wao peke yao wenye tatizo hilo. Mkataba ukawabana walipe. Wengine wakafilisika, wengine wakafungwa jela. Waliotiwa hatiani kati ya 1999 na 2015 ni zaidi ya 900. Wasimamizi 555 wakaungana kufungua kesi, na Desemba 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na kasoro zenye uwezo wa kusababisha upungufu ule. Mei 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Kinachonigusa kwenye kesi ile ni jambo dogo. Wahandisi walikuwa na daftari lao la makosa yanayojulikana. Lilikuwapo. Mtu aliyesimama kizimbani akiapa kwamba hakuiba hakuwa na njia ya kulisoma. Mahakama za kule kwa miaka zilianza na dhana kwamba kompyuta inafanya kazi sawasawa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Sasa thibitisha vinginevyo, ukiwa huna logi.

Silinganishi faini ya usajili na jela. Lakini mpangilio ni ule ule: mwenye mfumo ndiye mwenye daftari, na asiye na daftari ndiye anayeambiwa athibitishe.

Najua ofisi ya TEHAMA itajibu nini, na nina heshima nao, maana nilifanya fildi kwenye ofisi ya namna hiyo. Watu wachache, seva ya zamani, mfumo ulinunuliwa kwa mtu ambaye sasa hapokei simu. Siku ya mwisho ya usajili maelfu wanaingia saa nne usiku kwa sababu sisi wanafunzi tuna tabia yetu, tuikubali. Na wapo wenzetu waongo kweli. Nimeona skrinshoti iliyochezewa, tarehe imebadilishwa kwa programu ya picha, mtu hakusajili kwa uzembe anataka kutupia mfumo lawama. Afisa ameshadanganywa mara nyingi mpaka haamini mtu.

Lakini hoja hiyo inaniunga mkono mimi. Skrinshoti ni ushahidi dhaifu kwa wote wawili. Namba ya kumbukumbu huwezi kuibuni, maana lazima ilingane na mstari ulioko kwenye logi: saa ile, ukurasa ule, namba yako ya usajili. Mwongo ataumbuka kwa dakika mbili. Mkweli atahudumiwa kwa dakika mbili. Wanaofaidika na kukosekana kwa logi ni mwongo na mfumo mbovu tu, wawili hao.

Kwa hiyo ninachopendekeza muungano ukidai ni hiki, nimekiandika kama hoja na nimempa mbunge wa kitivo chetu. Mfumo wowote unaogusa usajili, matokeo au fedha za mwanafunzi ukishindwa, useme umeshindwa, kwa lugha tunayoielewa, na utoe namba. Mwenye namba iliyotolewa kabla ya muda kwisha ahesabiwe amefika kwa wakati. Saa yake isimame pale, asilipe faini wakati mafundi wanatafuta kosa. Na kabla mtu hajaambiwa "hukusajili", logi ya siku hiyo isomwe. Kama logi haipo, basi faida ya shaka iende kwa mwanafunzi. Hiki kipengele cha mwisho najua kitapigwa vita. Mimi nakiona ndicho chenye meno: siku ofisi itakapogundua kwamba kukosa logi kunaigharimu yenyewe, logi zitapatikana wiki hiyo hiyo.

Upande wetu nasi tuna kazi. Tunaripoti vibaya mno. Ujumbe unaingia kwenye grupu: "Mfumo haufanyi kazi." Mfumo upi? Ukurasa upi? Ulikuwa unafanya nini? Mafundi hawawezi kufanya chochote na sentensi hiyo, nami nimekuwa upande wa kuipokea, inachosha. Ukikutana na kosa, usikimbilie kubonyeza tena. Nakili maneno yaliyoandikwa kama yalivyo, hata kama ni Kiingereza cha ajabu, na namba yoyote iliyopo. Piga picha skrini nzima, anwani ya ukurasa ionekane na saa ya simu ionekane. Andika ulichobonyeza na ulichotarajia. Kisha rudi kwenye ukurasa wa masomo yako uangalie kama kimeingia au hakijaingia, useme hivyo pia. Tuma kwa barua pepe, maana ina tarehe. Ujumbe wa grupu utazama chini ya matangazo ya viatu. Na tafadhali, kama skrini imeonyesha majina ya majedwali au nenosiri, usiisambaze kwenye magrupu. Ipeleke kwa wahusika peke yao.

Wale wa darasani kwangu mnaoandika mradi wa mwisho: najua mnavyokimbizana na tarehe, na najua msimamizi anapenda kuona skrini safi. Pitieni kazi zenu mtafute @ na mabano matupu. Jaribuni fomu zenu kwa jina lenye ritifaa, kwa jina moja tu lisilo na la ukoo, kwa mtu aliyezaliwa Februari 29. Zimeni hifadhidata makusudi muone ukurasa unasema nini.

Yule dada alipata fungu lake mwezi uliofuata, kamati ilitenga pembeni. Nilimwendea kuomba radhi, akasema yameisha, ila akaniuliza kama wale wengine wawili wamepatikana. Bado. Kama mwaka jana uliomba msaada wa mfuko kupitia mtandao, ukaambiwa limepokelewa, na hukusikia tena, pita ofisi ya muungano siku yoyote ya kazi baada ya saa nane mchana. Hatutakuuliza skrinshoti.